Kukariri katekisimu na kujifunza kusoma: watoto wa Uingereza katika karne ya 16 na ya 17

Swali la msomaji: Shikamoo, Mwalimu. Nafundisha darasa la kwanza Morogoro. Chuoni tulielezwa kwa mistari miwili tu kwamba Uingereza ya karne ya 16 na ya 17 makasisi ndio walioandika vitabu vingi vya kuwaanzishia watoto kusoma, na kwamba vitabu hivyo vilikuwa vya dini. Ninachotaka kujua ni hiki: walitaka mtoto ajue kusoma, au walitaka akariri dini tu? Na kule kukariri kulimsaidia mtoto kusoma au kulimharibu? Nauliza kwa sababu nina watoto darasani wanaosoma ukurasa mzima bila hata kuutazama.

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nimefurahi umeuliza na swali la pili, maana wengi huishia kwenye la kwanza, na hapo historia hii hugeuka kuwa sifa kwa Kanisa au lawama kwa Kanisa. Wewe umeuliza kama mtu anayeshinda na watoto. Kwa kifupi, walitaka dini kwanza, na kusoma walikuhitaji kwa ajili ya dini. Lakini miongoni mwao walikuwamo makasisi walioliona tatizo lako lile lile, wakaliandika waziwazi, na baadhi wakalitafutia dawa. Hao ndio ningependa uwafahamu.

Mwaka 1536, na tena 1538, serikali ya Mfalme Henry wa Nane, ambaye alikuwa amekwisha kujitenga na Papa, iliwaagiza makasisi wawafundishe watu Baba Yetu, Nasadiki na Amri Kumi kwa Kiingereza. Kasisi alitakiwa kutamka sentensi moja, airudie mara mbili tatu, watu waishike, kisha siku nyingine aongeze inayofuata, mpaka wazijue zote kwa moyo. Hapo mtoto hana kitabu mkononi. Kazi yote ni ya mdomo na sikio.

Agizo la 1538 liliongeza kwamba kila kanisa liwe na Biblia kubwa ya Kiingereza, iwekwe mahali ambapo waumini wataweza kuifikia na kuisoma. Haikupita miaka mitano wakubwa wakaingiwa na hofu. Sheria ya 1543 iliwakataza wanawake wa kawaida, mafundi, wanagenzi, watumishi, wakulima wadogo na vibarua kuisoma Biblia hiyo ya Kiingereza. Wanawake wa tabaka la juu waliruhusiwa kuisoma faraghani tu. Sheria hiyo ilifutwa 1547, baada ya Henry kufariki. Naitaja kwa sababu itatusaidia mbele: watawala walielewa mapema kwamba mtu akishajua kusoma mwenyewe, aliyemfundisha hana tena uwezo wa kumchagulia atakachosoma wala atakachoelewa.

Kitabu cha Sala cha 1549 kilikuja na katekisimu fupi ya maswali na majibu, ambayo kila mtoto alipaswa kuijua kabla ya kupelekwa kwa askofu apewe kipaimara. Swali la kwanza linauliza, "Jina lako nani?" na la pili linauliza ni nani aliyempa jina hilo. Kama mwalimu utaona uzuri wa mwanzo huo. Mtoto anaanza na jambo analolijua kuliko mtu mwingine yeyote, kisha anavutwa taratibu hadi kwenye ubatizo wake. Baadaye kanuni za Kanisa la Uingereza za mwaka 1604 zilimbana kasisi kabisa: kila Jumapili na kila sikukuu, kabla ya sala ya jioni, atumie nusu saa au zaidi kuwahoji na kuwafundisha vijana wa parokia yake. Mzazi au bwana aliyekaidi kuwaleta watoto na watumishi wake aliweza hata kutengwa na Kanisa.

Sasa herufi ziliingiaje humu? Ziliingia kwa kushonwa pamoja na katekisimu hiyo hiyo. Palikuwa na kijitabu cha bei ndogo kilichoanza na alfabeti, kikafuatisha silabi, halafu katekisimu yenyewe ikawa ndiyo zoezi la kusoma. Haki ya kukichapa ilikuwa mikononi mwa John Day, mchapaji wa London. Mwaka 1582 mchapaji mwingine, Roger Ward, alifikishwa mbele ya mahakama ya Star Chamber kwa kukichapa bila idhini, nakala 10,000 kwa mkupuo mmoja. Nakuomba uitafakari hesabu hiyo. Hakuna mtu anayejihatarisha na mahakama ya kifalme kwa kitabu kisichonunuliwa. Na kwa sababu vijitabu hivi vilishikwa na mikono ya watoto mpaka vikachanika, nakala zilizobaki leo ni chache mno, hata mtu akitazama rafu za maktaba anaweza kudhani havikuwa vingi.

Kabla ya kijitabu, mtoto alipewa kibao chenye mshikio. Juu yake ilibandikwa karatasi moja, ikafunikwa na utando mwembamba wa pembe ya mnyama unaopitisha mwanga, ili vidole vichafu visiiharibu. Waliopita vyuo vya Kurani pwani watakumbuka ubao wao. Kazi yake haikuwa mbali na hii. Mstari wa kwanza ulianza na alama ya msalaba, zikafuata herufi, ambazo wakati ule zilihesabiwa 24 kwa kuwa I na J zilikuwa herufi moja, na U na V vivyo hivyo. Zikafuata silabi: ab, eb, ib, ob, ub, kisha ba, be, bi, bo, bu. Chini yake "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", na mwisho Baba Yetu.

Ndiyo, ba be bi bo bu ile ile unayoiandika ubaoni kila Januari. Lakini kuna tofauti kubwa, na bila kuiona hatuwezi kuwahukumu watu hawa kwa haki. Mtoto wako akishajua ba, anaijua popote atakapoikuta: baba, bata, kibanda. Kiingereza hakimpi mtoto heshima hiyo. Herufi zile zile zinatamkwa hivi hapa na vingine pale, na katika karne ya 16 hata tahajia yenyewe ilikuwa haijatulia. Neno moja liliweza kuandikwa kwa namna mbili tatu. Mtoto alimaliza silabi zake vizuri, akafungua kitabu, akakwama. Na hapo ndipo kukariri kulipomwokoa. Baba Yetu aliisikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Jicho lilipofika kwenye neno gumu, mdomo ulikuwa unalijua tayari, na polepole jicho likajifunza sura ya neno kutokana na mdomo. Kwa hiyo mimi siamini kwamba kuanza na maneno yaliyokaririwa kulitokana na uchaji Mungu peke yake. Kwa lugha yenye tahajia ya namna ile, ilikuwa njia yenye akili.

Tatizo linakuja pale mdomo unapokimbia na kuliacha jicho nyuma, kama ilivyo kwa watoto wako. William Perkins, mhubiri maarufu wa Cambridge, alitoa mwaka 1590 kitabu kidogo cha misingi sita ya imani, na mwanzoni akaorodhesha makosa ya watu wasiofundishwa. Mojawapo ni kudhani kwamba mtu humtumikia Mungu kwa kuzitamka Amri Kumi, Baba Yetu na Nasadiki. (Jingine ni kusema kwamba enzi za dini ya zamani zilikuwa njema kwa kuwa vitu vilikuwa rahisi sokoni.) Perkins alikuwa akitazama matokeo ya miaka hamsini ya agizo lile la mfalme: watu wameyashika maneno, na wengi wamebaki na maneno tu. Kitabu chake alikiandika ili watu hao waweze kusikiliza mahubiri na kunufaika nayo.

Aliyetafuta dawa kwa upole zaidi ni George Herbert, kasisi wa Bemerton karibu na Salisbury, ambaye wengi wanamjua kwa mashairi yake. Katika kitabu chake kuhusu kasisi wa kijijini, alichokiandika mnamo 1632 na kikachapwa 1652 baada ya kifo chake, ipo sura nzima juu ya kufundisha katekisimu. Anasema wazi kwamba wengi huitamka kama kasuku bila kupenya maana yake. Anashauri kasisi abadilishe mpangilio na maneno ya maswali, ili jibu lililokaririwa lisitoshe. Anasimulia kwamba kasisi alimuuliza mtu: kwa kuwa binadamu yumo katika taabu kubwa hivi, afanye nini? Yule mtu hakuwa na jibu. Akaulizwa tena: ungekuwa umetumbukia shimoni ungefanya nini? Akajibu angetoka upesi awezavyo. Basi akaendelea kuulizwa kama angeweza kutoka peke yake au angehitaji msaidizi, na msaidizi huyo ni nani. Somo zima la wokovu likatoka kinywani mwa mwanafunzi mwenyewe. Herbert anaongeza kwamba wakati wa mahubiri na sala mtu anaweza kusinzia au mawazo yakatangatanga, lakini akiulizwa swali hana budi kuonyesha alivyo. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na bado naiona kuwa miongoni mwa maandishi bora kabisa kuhusu kuuliza maswali darasani.

Herbert alikuwa akizungumzia maana. Kuhusu kusoma kwenyewe, mtu wako ni Charles Hoole, mwalimu na kasisi, ambaye kitabu chake cha 1660 kinaanzia kwa watoto wa mwanzo kabisa. Anaeleza desturi iliyokuwapo: mtoto akizijua herufi kidogo na silabi kadhaa kwenye kibao, anaingizwa kwenye kijitabu cha ABC, ataje herufi na aunge maneno mpaka azoee. Kisha anasema jambo ambalo ningelibandika ofisini kwa kila mwalimu mkuu. Njia hiyo inawafaa wenye akili nyepesi. Walio wazito, wasipokuta cha kuwavutia, hupita somo baada ya somo kwa uvivu, na wakimaliza kitabu hawajui kusoma zaidi ya walivyojua walipokianza. Anataja hata watoto waliokaa mwaka mzima, wakikaripiwa na kuchapwa, na mwisho wa mwaka hawakuweza kutambua herufi sita. Hoole hawalaumu watoto. Anasema wangefundishwa kwa njia inayolingana na uwezo wao wangejifunza kama wenzao. Ndiyo maana akashauri picha, na michezo yenye herufi zilizochorwa kwenye vipande vya pembe ya ndovu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametoa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha picha cha Comenius, mwalimu na askofu kutoka Moravia.

Ila usidhani makasisi hao ndio waliokaa na mtoto na kumshikia kidole. Waliandika, wakahoji Jumapili, na kwa sheria ya 1604 askofu ndiye aliyetoa leseni ya kufundisha. Kazi yenyewe ya herufi waliiona ni ndogo mno kwa mtu mwenye digrii. John Brinsley, kasisi na mwalimu wa Ashby-de-la-Zouch, aliandika 1612 kwamba wanaoanza wangetafutiwa shule nyingine mjini, na kwamba kazi hiyo ingemsaidia mwanamume au mwanamke fukara asiye na njia nyingine ya kuishi. Edmund Coote wa Bury St Edmunds, katika kitabu chake cha 1596 chenye silabi, katekisimu fupi, sala na orodha ya maneno, aliwaandikia moja kwa moja mafundi cherehani, wafumaji na washonaji. Aliwaambia wanaweza kuketi kazini, sindano au uzi mkononi, na kumsikiliza mwanafunzi bila kazi yao kusimama. Oliver Sansom, aliyezaliwa 1636, alipelekwa kwa mwanamke mmoja akiwa na umri wa miaka kama sita, na baada ya miezi minne hivi aliweza kusoma sura ya Biblia. Wanawake wa namna hiyo walifundisha sehemu kubwa ya taifa lile kusoma, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Jambo hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Kitu kingine kitakachokushangaza wewe unayefundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa pamoja: kwao kusoma na kuandika vilitenganishwa kwa miaka. Mtoto alianza kusoma akiwa na miaka minne, mitano au sita. Kuandika kulingoja mpaka saba au nane, kulihitaji kalamu ya unyoya, wino na mwalimu mwingine, na kulilipiwa zaidi. Mtoto wa maskini katika umri huo alikuwa ameshaitwa shambani au kwenye kufuma. Thomas Tryon, aliyezaliwa 1634, alikuwa mchungaji wa kondoo alipojinunulia kitabu cha ABC akiwa na miaka kama 13, wenzake malishoni wakamwonyesha herufi. Alipotaka kuandika, ilimbidi ampe kijana mmoja kiwete, aliyefundisha watoto wa maskini, kondoo wake mmoja kuwa ada. Ndiyo maana unapoambiwa kwamba mwaka 1642 kiasi cha 30% tu ya wanaume Waingereza waliweza kutia saini yao, usikubali kwamba waliobaki wote hawakujua kusoma. Saini inahesabu waliofika kwenye kuandika. Waliosoma Baba Yetu na Zaburi bila kuweza kuandika majina yao hawamo katika hesabu hiyo, na wasichana walikuwa wengi kati ya watu hao.

Turudi sasa kwa swali lako la kwanza, kama walitaka wasomaji au wakariri. Kesi ya Benjamin Keach inajibu vizuri kuliko maelezo yangu. Keach alikuwa kijana mhubiri wa Kibaptisti aliyeishi Winslow, Buckinghamshire. Mwaka 1662 Bunge lilikuwa limepitisha sheria iliyowaondoa makasisi wapatao 2,000 wasioafiki utaratibu mpya wa ibada wa Kanisa la Uingereza, na iliyomtaka kila mwalimu atie saini ya utii na awe na leseni ya askofu. Mwaka 1664 Keach alitoa kitabu cha kuwaanzishia watoto kusoma. Ndani yake alifundisha kwamba wanaopaswa kubatizwa ni wanaoamini, wala si watoto wachanga, na kwamba mtu asiye na daraja la ukasisi anaweza kuhubiri. Alishtakiwa Aylesbury mbele ya jaji mkuu. Hukumu yake: faini ya pauni 20, kifungo cha wiki mbili, na kusimamishwa hadharani kwa saa mbili, kichwa na mikono imebanwa kwenye ubao, Jumamosi Aylesbury, kisha Alhamisi iliyofuata Winslow mjini kwake, huku kitabu kikichomwa moto mbele ya macho yake. Mke wake alisimama karibu naye akimtetea mbele ya watu.

Haya yote kwa kitabu cha ABC. Serikali haikuwa na shida na mtoto kujua herufi. Ilijua kwamba sentensi za kwanza anazosoma mtoto hukaa naye hadi uzeeni, na ilitaka sentensi hizo zibaki mkononi mwake. Keach alijua hivyo hivyo, ndiyo maana akawaandikia watoto. Pande zote mbili zilikuwa na imani ileile juu ya nguvu ya kitabu cha kwanza. Alikuja kukiandika upya, na vitabu vyake vya watoto vikaendelea kuchapwa.

Richard Baxter anatuonyesha upande wenye matumaini. Akiwa mtoto huko Shropshire alipita mikononi mwa walimu kadhaa wasiojua kitu. Kilichoibadilisha nyumba yao, anasema, ni vitabu. Kimojawapo baba yake alikinunua mlangoni kwa mchuuzi aliyebeba nyimbo za mitaani na vitabu vichache vya dini. Alipokuwa mchungaji wa Kidderminster, yeye na msaidizi wake walitumia Jumatatu na Jumanne nzima kuongea na familia moja moja, 15 au 16 kwa wiki, ili katika mwaka wazimalize familia zaidi ya 800 za parokia. Aligawa vitabu bure. Na aliwasifu wafumaji wake kwa kuwa waliweza kuweka kitabu mbele yao huku mikono ikifanya kazi kwenye mtambo. Kwangu mimi, Baxter alitaka wasomaji kwa dhati. Alitaka waisome Biblia na vitabu vyema, lakini alitaka wasome wenyewe, wakiwa kazini, yeye asipokuwapo.

Njia hii ilifika na kwetu. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliohamia Zanzibar 1864, waliweka mtambo wa kuchapa huko chini ya Edward Steere, wakatoa katekisimu na vitabu vya kujifunzia kusoma kwa Kiswahili. Buganda nako, wamisionari wa CMS, shirika jingine la Kianglikana, waliofika 1877 walikuja kudai kwamba anayetaka kubatizwa ajue kwanza kusoma Injili, isipokuwa wazee na vipofu. Sharti hilo lilijaza madarasa ya herufi haraka ajabu.

Na watoto wako, basi? Usiwanyang'anye ukurasa wanaoujua kwa moyo. Ni mtaji, kama Baba Yetu ilivyokuwa kwa mtoto wa Kiingereza, ingawa Kiswahili kinauhitaji kwa muda mfupi zaidi. Fanya alivyofanya Herbert: vunja mpangilio. Mwekee mtoto kidole katikati ya mstari umwulize neno hilo tu. Halafu chukua maneno ya ukurasa ule ule, uyaandike ubaoni katika sentensi ambayo hajawahi kuisikia. Akikwama, mrudishe kwenye silabi za lile neno lililomshinda, usimrudishe mwanzo wa ukurasa, maana huko ataanza kukariri tena. Na wale wanaobaki nyuma kabisa uwatenge dakika chache na picha na kadi za silabi za kuchezea, kama Hoole alivyoshauri, kabla hujawapa kitabu kingine.